Aprili ndiyo mwezi wa vitwitwi

Watu wengi wanaotaka kuanza kutazama ndege wa pwani, hasa vitwitwi, wale wanaodonoa chakula kwenye tope, huenda Desemba. Ni likizo, kaskazi inavuma, na kila kitabu kinasema ndege wa kaskazini mwa dunia wako huku wakati huo. Wapo kweli. Ila Desemba karibu wote wamevaa kijivu na kahawia, wanafanana, wametawanyika kwenye tope pana, na anayeanza hurudi nyumbani macho yanamuuma na hajui alichokiona. Mimi namwambia kila anayeniuliza asubiri kidogo. Kati ya nusu ya pili ya Machi na wiki ya kwanza ya Mei, ndege walewale hubadili mavazi, hunenepa, hujikusanya makundi na kuondoka. Ulaya na Asia wanasubiriwa kama dalili ya majira ya kuchipua, na watazamaji wa huko hukimbilia kwenye mabwawa, machimbo na fukwe kuwaona wakifika. Sisi tunaona upande wa pili wa safari hiyohiyo, na kwa maoni yangu upande wetu ndio unaofundisha zaidi.

Kwanza tuondoe dhana moja. Ndege hawa huitwa wageni, tena mara nyingi "ndege wa Ulaya", kana kwamba huku wamekuja kutembea. Mchukue kitwitwi mwenye mdomo mrefu uliopinda kidogo kuelekea chini, anayeitwa Calidris ferruginea kwa jina la kisayansi. Huzaliana kwenye Aktiki ya Siberia tu, katika maeneo kama rasi ya Taimyr, kilomita elfu tisa hivi kutoka Watamu, pwani ya Kenya. Hufika huko Juni. Dume hana kazi ya kuatamia wala kulea, hivyo mapema Julai ameshageuza safari. Jike humfuata baadaye, na makinda huja peke yao bila kuongozwa na yeyote. Wakubwa wa kwanza huonekana tena kwenye tope la pwani yetu mwishoni mwa Julai na Agosti. Piga hesabu: ndege huyo huishi Siberia mwezi mmoja au miwili, na pwani ya Afrika miezi minane au tisa. Huko ndiko anakokwenda kwa shughuli maalumu, na huku ndiko anakoishi.

Shughuli yenyewe ni ya maana. Kiangazi cha Aktiki hakina usiku, na theluji ikiyeyuka wadudu hufumka kwa wingi usio na mfano. Kinda akishakauka manyoya hutoka kiotani na kujilisha mwenyewe mchana kutwa, na mchana huo haukatiki. Ni wiki chache tu, ila zinatosha. Anayechelewa kufika hukuta kilele cha wadudu kimepita, na anayewahi mno hukuta ardhi bado imeganda. Haraka na wasiwasi wote tunaouona Aprili pwani kwetu unatokana na dirisha hilo jembamba.

Hapo linazuka swali linalowasumbua wengi: ndege aliye Kilifi au Kunduchi, karibu kabisa na ikweta, anajuaje kwamba kaskazini majira ya kuchipua yanakaribia? Ndege anayekaa Hispania msimu wa baridi huona mchana ukirefuka kila wiki. Huku mchana ni ule ule, saa kumi na mbili na dakika kidogo, Januari mpaka Desemba. Jibu ni kwamba mwili wa ndege una kalenda yake. Katika miaka ya 1960 mtafiti wa Kijerumani Eberhard Gwinner aliwafuga ndege wadogo wa vichakani, Phylloscopus trochilus, ambao kila mwaka huja Afrika kutoka Ulaya. Aliwawekea mwanga wa saa 12 na giza la saa 12 bila kubadilisha kitu mwezi baada ya mwezi. Hawakuona jua wala msimu wowote. Hata hivyo wakati wa kubadili manyoya ulipofika walibadili, na wakati wa kusafiri ulipofika walianza kuhangaika usiku, wakirukaruka ndani ya vizimba na kupiga mabawa. Kalenda hiyo ya ndani haiendi sawasawa na mwaka wa jua. Ikiachwa peke yake huteleza kidogo kidogo, na mabadiliko ya mwanga wanayoyaona njiani ndiyo yanayoirekebisha. Lakini kengele ya kwanza, ile inayomwambia ndege wa hori la Mida kwamba ni wakati wa kuanza kula kupita kiasi, inalia ndani ya mwili wake.

Na wanakula kweli. Kuanzia Machi utaona vitwitwi wanadonoa bila kuinua kichwa, asubuhi, jioni, hata usiku wenye mbalamwezi maji yakiwa yamekupwa. Mafuta hujilundika chini ya ngozi, kifuani na tumboni, mpaka ndege anayeruka huonekana ana kitambi. Ndege mdogo wa gramu ishirini na kitu anaweza kuongeza theluthi nzima ya uzito wake, na wengine huongeza zaidi. Mafuta hayo ndiyo petroli ya safari, na kila gramu yake inatoka kwenye tope letu: minyoo, kaa wadogo, konokono, kamba. Ukisikia mtu anasema tope la mikokoni halina kazi, mkumbushe hilo.

Kalenda ya mwili ikishalia, kinachobaki ni upepo, na hapa mtu wa pwani hahitaji kufundishwa mengi. Kaskazi huvuma toka Desemba hadi Machi, ikitoka kaskazini mashariki. Halafu huja maleleji, upepo usio na msimamo. Aprili kusi huingia. Kwa karne nyingi majahazi yaliyokuja Mombasa, Lamu na Unguja na kaskazi kutoka Muscat, Sur na Ghuba yalisubiri kusi ianze ndipo yarudi, na nahodha aliyechelewa mpaka kusi ikapamba moto alijuta. Ndege wengi wanaovuka bahari hufuata ratiba hiyohiyo kwa sababu hiyohiyo: kwenda na upepo mgongoni ni rahisi kuliko kupambana nao.

Mfano mzuri kuliko wote ni kozi wa Amur, kozi mdogo mwenye miguu myekundu na uzito wa gramu 150 hivi. Huzaliana mashariki ya mbali ya Urusi, Mongolia na kaskazini mashariki mwa China, na hukaa kusini mwa Afrika wakati wa mvua za huko. Oktoba na Novemba hukusanyika kaskazini mashariki mwa India, kisha huvuka bahari bila kutua, zaidi ya kilomita 3,000, mpaka pwani ya Somalia na Kenya. Aprili hurudi. Mvua za masika zikinyesha na kumbikumbi wakatoka, angalia juu. Makundi ya kozi hawa huzunguka angani wakiwadaka kumbikumbi kwa kucha na kuwala hukohuko hewani. Wanajaza matangi kabla ya kupita Somalia na kuingia baharini, safari hii na upepo wa kusini ukiwasukuma.

Kekeo nao hupita njia hiyo. Mwaka 2019 watafiti waliwafunga makekeo watano kule Mongolia vifaa vidogo vinavyoonekana kwa satelaiti. Mmoja, aliyepewa jina Onon kutokana na mto wa huko, alifika Zambia, akakaa, na mwaka uliofuata akapita Kenya, akavuka Bahari ya Hindi hadi India na kurudi Mongolia mwishoni mwa Mei. Kwenda na kurudi alipita kilomita zaidi ya 26,000. Kekeo huyu kwetu hunyamaza na hujificha pia, na wengi waliopo chini ya njia yake hawakujua kwamba alipita juu ya vichwa vyao. Aprili ukiona ndege wa kijivu mwenye mkia mrefu na kifua cha mistari, anaruka chini kama kipanga kati ya minazi na miembe, mtazame vizuri.

Wapo wasiohitaji bahari. Mbayuwayu wenye koo la rangi ya kutu na ukanda wa bluu nyeusi kifuani huhama mchana, wakila huku wanakwenda, na mwezi Machi hujipanga kwenye nyaya za umeme hata katikati ya miji. Watazame mikia: walipofika Oktoba ilikuwa imechakaa, sasa ni mipya na kwa madume ncha zake ni ndefu kama nyuzi. Manyoya hayo yameota Afrika. Keremkerem wa Ulaya hupita juu sana, na mara nyingi utasikia sauti yao laini ya mviringo kabla ya kuwaona. Mwanzoni mwa Aprili kambu wa Ulaya, wale wa bluu hafifu na mgongo wa kahawia, hupita kwa wingi mno kwenye nyanda za pwani ya Tanzania na Kenya, mmoja mmoja na makundi, wote wakielekea kaskazini. Ukisimama mahali palipo wazi asubuhi ya siku nzuri, unaweza kuona mkondo huo usiokatika kwa saa nzima.

Sasa tushuke kwenye tope, maana ndiko kwenye fumbo linalowavunja moyo wanaoanza. Mtu anakwenda sehemu aliyoambiwa ina maelfu ya ndege, anakuta yangeyange watatu na kunguru. Anarudi siku nyingine, anakuta pamejaa. Anadhani ni bahati. Mara nyingi si bahati, ni maji.

Vitwitwi kwa kawaida hawaogelei. Maji yakijaa, meza yao ya chakula inazama, nao lazima wapate pa kusimama mpaka yapwe. Maji yakikupwa sana, meza ni kubwa kupita kiasi, wanasambaa mpaka kwenye miamba ya mbali na darubini yako haiwafikii. Kinachofaa ni katikati: saa mbili za mwisho wakati maji yanajaa, yanapowasukuma kidogo kidogo kuelekea ulipokaa. Kwenye pwani yetu kuna kanuni moja nzuri ambayo wavuvi na wakulima wa mwani wanaijua vizuri. Wakati wa bamvua, yaani siku mbili tatu baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hukupwa saa nne. Wakati wa maji mafu mambo hugeuka: yanajaa saa nne na kukupwa saa kumi, tena tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo. Kwa hiyo siku ya bamvua panga kukaa kwenye tope kuanzia saa nane mchana, halafu saa tisa na nusu uwe umeshafika mahali ndege wanapokimbilia. Ndani ya hori maji huchelewa nyuma ya bahari ya wazi, hivyo jipe muda.

Mida Creek, karibu na Watamu, ni darasa kamili la jambo hili. Kuna daraja la mbao linalopita kati ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia, na shirika la A Rocha Kenya limekuwa likiwavisha ndege wa hapo pete za miguuni kwa miaka mingi. Maji yanapoanza kuja, wa kwanza kukuchangamsha ni kitwitwi wa mdomo uliobinuka juu, Xenus cinereus, mwenye miguu mifupi ya rangi ya machungwa. Hana subira. Wenzake wanadonoa kwa hatua. Yeye ameinamisha kichwa, mwili uko chini, anakimbia kwa pembe, anageuka ghafla, anakimbia tena, anamfukuza kaa mdogo mpaka mlangoni mwa shimo lake. Akimkosa hasimami kuomboleza, ameshamwona mwingine. Maji yakijaa kabisa, yeye na sululu wakubwa hupanda juu ya matawi ya mikoko na kupangana kama matunda, jambo ambalo mtu aliyezoea kuwaona kwenye tope hulishangaa.

Mwingine ni mla kaa, Dromas ardeola, mweupe na mweusi, miguu mirefu ya kijivu, mdomo mzito mweusi kama kisu cha kazi. Huyu hatoki Siberia. Huzaliana kwenye fukwe na visiwa vya Ghuba, Oman, Iran na Bahari ya Shamu, na tofauti na vitwitwi wote huchimba shimo mchangani, akataga yai moja jeupe na kuacha joto la mchanga lisaidie kazi ya kuatamia. Anapokuja pwani yetu, huja na mwanawe. Usichoke kuwaangalia. Kinda, mkubwa sawa na mzazi lakini wa kijivu mgongoni, humfuata mzazi akipiga mluzi wa kuomba, mzazi humkamata kaa, humtikisa mpaka miguu idondoke, kisha humpa. Hayo yanaendelea miezi, maelfu ya kilomita kutoka kwenye shimo alimoanguliwa. Sijui ndege mwingine wa pwani yetu anayelea kwa muda mrefu hivyo.

Maji yanapojaa, nusu ya ndege wa tope huhamia kwenye mashamba ya chumvi, na ndiyo maana mashamba hayo ni muhimu hata kama kwa macho ni mabwawa ya maji makali tu. Kaskazini mwa Malindi kuna ukanda mrefu wa Gongoni, Marereni na Kurawa. Dar es Salaam kuna Kunduchi na Ununio, ambako mji umezidi kusogea. Ukifika usitazame yote kwa pamoja, maana kila bwawa lina watu wake. Mabwawa ya kwanza, yanayopokea maji moja kwa moja kutoka baharini, yana samaki wadogo na kamba, na humo utakuta yangeyange, kongoti na vitwitwi wakubwa wa miguu mirefu. Mabwawa ya kati, chumvi ikiwa imezidi, samaki hawawezi kuishi. Wanabaki kamba wadogo sana wa chumvi na mabuu ya nzi, na hapo ndipo vitwitwi wadogo hujaa, pengine na heroe. Mabwawa ya mwisho, yale ya waridi ambako chumvi inaganda, hayana chakula. Ndege waliosimama kwenye kingo zake wamekuja kulala tu, kichwa kimegeuzwa mgongoni, mguu mmoja juu. Usiwasogelee. Kila wanaporuka kwa hofu wanachoma mafuta waliyoyakusanya wiki nzima, na hakuna atakayewarudishia. Mashamba haya yana wenyewe. Salimia, jieleze, na mara nyingi mlinzi atakuonyesha bwawa ambalo wewe usingelijua.

Machimbo ya mawe watu huyadharau, nami nayapenda sana. Pwani yote imechimbwa matumbawe ya kujengea na chokaa ya saruji, na timbo lililoachwa, masika yakinyesha, huwa bwawa lenye kingo tupu na maji yasiyo na chumvi. Vitwitwi wanaopenda maji baridi, wale wanaotikisa mkia kila wanaposimama, huja mmoja mmoja. Ndege wembamba wenye tumbo la njano na mkia mrefu unaocheza huzunguka miguuni mwa mbuzi wanaokunywa maji. Kuta za timbo hukinga upepo, wadudu hujaa, na mbayuwayu hushuka humo jioni kula kabla ya kulala. Bamburi, kaskazini mwa Mombasa, kuna mfano unaojulikana duniani: mwaka 1971 René Haller alianza kupanda mivinje ndani ya machimbo ya saruji yaliyokuwa mawe matupu, jongoo wakazigeuza sindano za mivinje kuwa udongo, na leo kuna msitu na mabwawa. Lakini hata timbo lisilopandwa kitu, la nyuma ya mtaa, lina ndege wake Aprili. Bara pia: mabwawa ya majitaka ya Dandora, upande wa Ruai nje ya Nairobi, ni mojawapo ya sehemu bora za Kenya kuona vitwitwi wa maji baridi wakiwa wamevaa mavazi ya kuzaliana, harufu na vyote.

Mavazi hayo ndiyo yanayorahisisha Aprili. Yule kitwitwi wa Siberia aliyekuwa wa kijivu huanza kupata madoa ya rangi ya tofali kifuani, wiki baada ya wiki, mpaka katikati ya Aprili wengine ni wekundu kuanzia usoni hadi tumboni. Akiruka, weupe juu ya mkia bado unaonekana, na huo haubadiliki mwaka mzima. Kitwitwi mnene wa kijivu mwenye macho makubwa, Pluvialis squatarola, hugeuka mweusi usoni na tumboni, na makwapa yake meusi, ambayo Desemba ndiyo alama pekee ya uhakika, sasa yanamezwa na weusi wa tumbo. Vitwitwi wa mchangani hupata barakoa nyeusi na kifua cha chungwa. Walio wadogo kati yao huenda kwenye nyanda za juu za Tibet na milima ya jirani, si Ulaya wala Aktiki.

Lakini hapohapo, katika kundi lilelile, utaona wengine wamebaki kijivu. Si kwamba hawajiwezi. Ni vijana wa mwaka uliopita. Vitwitwi wengi wenye umbo kubwa kiasi hawazaliani mwaka wao wa kwanza, na safari ni ya hatari, kwa hiyo hawaendi. Hubaki pwani yetu Mei, Juni, Julai, wakila kwa utulivu kwenye tope ambalo wakubwa wamelihama. Mtu anayewaona Juni hudhani ni wagonjwa au wamepotea. Wako sawa kabisa.

Idadi ya vijana hao ina siri yake, na ndiyo habari ninayoipenda kuliko zote katika mambo haya. Kule Aktiki kuna panya wadogo waitwao lemingi, ambao huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka michache. Wakiwa wengi, mbweha wa Aktiki na ndege wawindaji hula lemingi na kushiba. Wakipungua ghafla, wawindaji haohao hugeukia mayai na makinda ya vitwitwi, na mwaka huo karibu hakuna kinda anayesalimika. Watafiti waliohesabu vitwitwi Afrika Kusini waliona mzunguko huo waziwazi: mwaka wa lemingi wengi, vijana wa kijivu hujaa kwenye tope la Afrika msimu unaofuata, mwaka mbaya, hawapo. Kwa hiyo mtu mwenye darubini hapa Mida au Kunduchi, akihesabu wa kijivu na wekundu mwezi wa Aprili, anapata fununu ya jinsi panya walivyoishi Siberia kiangazi kilichopita.

Hesabu hizo zinahitajika sasa kuliko zamani. Oktoba 2024 orodha nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ilimpandisha yule kitwitwi wa Siberia na yule mnene wa kijivu hadi daraja la walio hatarini. Hao ni ndege ambao mzee yeyote wa pwani aliwahi kuwaona kwa mamia. Tayari jamaa yao mmoja, sululu mwenye mdomo mwembamba aliyekuwa akihama kati ya Siberia na Mediterania, ametoweka. Mara ya mwisho kuonekana bila shaka yoyote ilikuwa Februari 1995 kwenye ziwa la pwani la Merja Zerga, Moroko. Hakuna aliyepanga atoweke. Vinamasi vilikauka kimoja kimoja, bunduki zikaendelea, na hakuna aliyehesabu kwa wakati. Kwa upande mwingine, wale kozi wa Amur walikuwa wakinaswa kwa nyavu kwa maelfu mengi huko Nagaland, India, mpaka mauaji ya mwaka 2012 yalipotangazwa. Mabaraza ya vijiji yakakubaliana kuacha, na msimu uliofuata nyavu hazikutandazwa. Mwaka mmoja tu. Na kozi tunaowaona wakila kumbikumbi kwetu Aprili ni walewale waliopita hapo.

Huku kwetu hatari ni za kawaida na zinajulikana: mikoko inakatwa, tope linajazwa kifusi, plastiki inafunika ufuko, sumu ya shambani inawekwa kwenye chambo katika mashamba ya mpunga ili kukamata ndege wa kuuza. Sumu hiyo haichagui, na anayekula nyama hiyo naye anakula sumu.

Anayetaka kuanza hahitaji vingi. Darubini ya nguvu 8 inatosha, kofia, maji ya kunywa, daftari, na ratiba ya maji kujaa na kupwa, ambayo wavuvi wanayo kichwani. Chagua sehemu moja iliyo karibu nawe, hata kama ni timbo au dimbwi la masika, uirudie kila wiki. Andika tarehe, saa, hali ya maji, upepo, na wangapi wana rangi, wangapi wa kijivu. Ukiona pete au kibendera mguuni, andika rangi zake kwa mpangilio, mguu gani, juu au chini ya goti. Taarifa hiyo inaweza kuonyesha ndege alikovishwa. Peleka hesabu zako kwenye ramani ya ndege ya Kenya au eBird, mtandao wa kuhifadhi hesabu za ndege, ambako zitatumika. Ukiwa Nairobi, Nature Kenya wana matembezi ya Jumatano asubuhi yanayoanzia kwenye Makumbusho, na wenyeji wake wana subira na anayeuliza.

Na usifunge darubini Mei. Wakubwa wakishaondoka, nenda kwenye mdomo wa mto Sabaki, kaskazini mwa Malindi. Huko wakati huo ndipo wanapojikusanya ndege wembamba wa kahawia wenye mabawa marefu, Glareola ocularis, waliotoka kuzaliana Madagaska na kuja huku kukwepa majira ya baridi ya kwao. Watakaa hadi Septemba hivi, mpaka vitwitwi wa Siberia wawe wamesharudi kwenye tope lilelile.